Bi Harusi wa Mbali, Tia na Spana Sandukuni



Binti mmoja wa mtaani kwetu, ambaye namhesabu mdogo wangu, anaolewa Mfunguo Mosi inshaallah. Mume amepata kazi Sumbawanga, mkoa wa Rukwa, na fungate ikimalizika wanaondoka pamoja. Juzi alinijia na karatasi aliyoandika vitu vya kuchukua: khanga doti kumi, udi na chetezo, mafuta ya nazi, viungo vya pilau, na mablanketi mawili kwa sababu kasikia kule kuna baridi. Akaniuliza, "Dada, wewe umekaa kule. Nimesahau nini?"

Nikamwambia, "Umesahau spana ya plagi."

Akacheka. Mama yake akacheka zaidi. "Mwanangu namuoza mume," akasema, "simuozi gereji."

Mimi sikucheka. Na kwa kuwa kila mwaka tunawaoza mabinti zetu kwa waume wanaofanya kazi mbali, bara na vijijini, nataka niseme wazi ninavyoona. Bi harusi anayekwenda kukaa shamba, mahali ambapo pikipiki ndiyo miguu ya nyumba, afundishwe kuitunza kabla hajaondoka. Tena afundishwe pamoja na yale mengine anayofundishwa na somo wake. Si mzaha, na si kutaka kuwa mwanamume.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba

Nilipohamia Ufipa kuendesha nilikuwa najua. Nilijifunzia vespa ya kaka yangu hapa Unguja, na gia za mguu nikazizoea baada ya wiki mbili. Nilichokuwa sijui ni kitu chengine chochote. Hapa kwetu vespa ikigoma unaisukuma hatua hamsini, fundi huyo hapo chini ya mwembe. Unakaa kwenye kigoda, unaletewa maji, unarudi nyumbani.

Mume wangu ni mfanyabiashara wa nafaka. Tulipanga nyumba kijijini, nje kidogo ya barabara ya Matai, kiasi cha saa moja kutoka Sumbawanga mjini wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua usiulize. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi ile ya Ufipa inayopenya mpaka kwenye mifupa, mwanangu alipandwa na homa na akawa anahema kwa taabu. Mume alikuwa ameshuka Kirando, ziwani, kununua dagaa. Simu yake haipatikani. Nikaswali Alfajiri, nikamfunika mtoto, nikatoa pikipiki nje. Zahanati iko kilomita tisa.

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena, mpaka mguu ukauma na harufu ya petroli ikajaa uani. Nikakaa chini nikalia.

Jirani yangu, mama wa Kifipa mwenye umri wa mama yangu mzazi, alisikia. Akaja amejitanda kitenge, akamtazama mtoto, akaitazama pikipiki. Akaniuliza, "Mama, spana ya plagi iko wapi?"

"Sijui, mama. Baba mtoto ndiye anayejua."

"Baba mtoto yuko ziwani," akasema. "Mtoto yuko hapa."

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe akainama, akafungua kifuko cha vyombo kilichokuwa chini ya kiti, mahali ninapokalia kila siku bila kujua kuna nini. Akaitoa plagi. Ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria ya kuni, tena imelowa. Akaifuta kwa kitambaa, akaikwangua masizi, akaikausha jikoni kwangu, akairudisha. Kiki ya tatu injini ikaitika. Akapanda nyuma yangu akiwa amempakata mtoto, tukaenda polepole. Ilikuwa nimonia. Mganga alituambia tumefanya vyema kuwahi. Alhamdulillahi, leo mwanangu anakwenda skuli.

Lakini nimeifikiria asubuhi ile mara nyingi. Kilichotaka kunichelewesha hakikuwa umasikini wala ubovu wa njia. Kilikuwa masizi ya ukubwa wa punje ya mpunga, na mimi kutojua.

"Hiyo si kazi ya mume?"

Najua litakalosemwa. Mume ndiye msimamizi wa nyumba, matunzo ni juu yake, na hilo sina ugomvi nalo. Ni haki yetu aliyotupa Allah na haifai kuiachia. Mume anunue oili, alipe fundi, abadilishe tairi. Lakini kuwa matunzo ni juu ya mume hakumfanyi mume awepo nyumbani kila saa. Chakula nacho ni juu yake, na sote tumefundishwa kupika.

Wanaodhani mwanamke mwenye heshima hagusi kipando wamsome Bibi Asmaa bint Abubakar, Allah amridhie. Alikuwa binti wa Sayyidna Abubakar, rafiki wa Mtume wetu s.a.w. Aliolewa na Zubeir bin Awwam wakati mume hana mali ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Yeye mwenyewe anasimulia, na imo katika Sahihi Bukhari, kuwa ndiye aliyekuwa akimlisha farasi na kumnywesha, akitengeneza ndoo ya ngozi ya kutekea maji, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba lililo mbali kiasi cha maili mbili. Anasema pia kwamba mkate hakujua kuuoka vizuri, wanawake wa Kiansari majirani zake ndio waliokuwa wakimwokea. Dada zangu, hebu mtazameni: mke kijana, kahama mji wake wa Makka, yuko ugenini Madina, anasaidiwa na majirani kwa asichokijua na anatunza kipando cha nyumba kwa mikono yake. Baadaye baba yake alimpelekea mtumishi wa kumshughulikia farasi, na Asmaa akasema ni kama ameachwa huru. Kwa hiyo kazi ilikuwa nzito na hakuipenda yote. Lakini hakuna aliyesema imemvunjia heshima.

Na ipo hadithi nyengine mashuhuri, Mtume s.a.w. akiwasifu wanawake wema wa Kikureshi kuwa ni wabora wa wanawake waliopanda ngamia, kwa huruma yao kwa watoto wadogo na kwa kuhifadhi mali ya waume zao. Mtoto na mali ya mume: asubuhi ile vyote viwili vilikuwa mikononi mwangu.

Wengine watasema, "Mimi nategemea Mungu." Sote tunamtegemea. Yule bwana aliyeuliza kama amwache ngamia wake wazi na atawakali, aliambiwa amfunge kwanza kisha atawakali. Kufunga ngamia wa leo ni kukaza nati.

Kwa nini Ufipa inataka ujue zaidi

Sumbawanga mjini iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sisi tumezaliwa pwani, hatujui maana yake mpaka tutie maharage jikoni. Kule maji yanachemka kabla hayajafika joto la maji ya Unguja, kwa hiyo maharage yanakaa motoni mpaka uchoke. Sababu ni kuwa hewa ya juu ni nyepesi, imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani.

Injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo. Pikipiki yenye kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani ikipanda Ufipa inapata petroli nyingi na hewa kidogo. Ni kama jiko la mkaa uliloziba matundu: linatoa moshi, halitoi moto. Plagi inafanya masizi, nguvu inapungua, asubuhi ya baridi haiwaki. Ukizidisha choki na kupiga kiki bila mpango, kama nilivyofanya mimi, unailowesha kabisa. Dawa ni kumwambia fundi apunguze petroli kwenye kabureta, kusafisha chujio la hewa, na kujua kutoa plagi. Fundi wa mjini anajua, lakini hawezi kujua kuwa pikipiki yako ilitoka Dar es Salaam kwa lori wiki iliyopita. Wewe ndiye wa kumwambia.

Halafu kuna vumbi. Ukitoka kwenye lami, kuanzia Mei mpaka Oktoba njia za Ufipa ni unga. Vumbi linaziba chujio na linakula cheni. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni tope, nalo linajaza breki. Petroli ya vijijini mara nyingi inauzwa kwa chupa, na chupa usiyoijua inaweza kuwa na maji au mafuta ya taa ndani. Chupa utakayoitilia itazame kwanza kwenye mwanga.

Haya ndiyo ninayotaka kila bi harusi wa mbali ayajue. Ni machache, yanafundishika kwa alasiri mbili.

Kwanza, plagi. Ajue iko wapi, aitoe, aisafishe, airudishe bila kuikaza kupita kiasi. Awe na plagi moja ya akiba, imefungwa kwenye kitambaa. Injini ikiwa ya moto asiiguse, asubiri ipoe.

Pili, oili. Pikipiki isimame wima mahali sawa, injini imezimwa dakika chache, kisha atazame kijiti au kioo cha oili. Ikiwa chini ya alama, aongeze. Ikiwa nyeusi na nzito, imwagwe itiwe mpya. Kwenye vumbi lile mimi sivuki kilomita 2,000. Oili ikikauka injini inakufa, na injini ikifa hiyo ni mahari ya mtu.

Tatu, cheni. Aishike katikati kwa upande wa chini, aipandishe na kuishusha. Kwa pikipiki nyingi hizi za kijijini icheze sentimita 2 hadi 3. Ikilegea sana inaweza kuruka njiani, ikikazwa sana inakatika. Isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu, kisha ipakwe oili. Injini iwe imezimwa kabisa wakati wa kufanya hivyo. Wapo waliopoteza vidole kwa kusafisha cheni inayozunguka.

Nne, matairi na breki. Abonyeze tairi kila asubuhi kama anavyobonyeza embe sokoni, na upepo wenyewe apimishe anapofika mjini. Breki azijaribu uani kabla ya kutoka, ya mkono na ya mguu. Kwenye mteremko ateremke na gia ndogo, injini imsaidie kushika, asining'inie kwenye breki peke yake mpaka ipate moto na kulegea.

Tano, koki ya petroli. Ajue upande gani ni kufunga, upande gani ni kufungua, na upande gani ni akiba. Nimemwona mtu akisukuma pikipiki maili nzima, na petroli ya akiba imo ndani.

Kisha aseme dua ya kipando, ile ya Suratuz-Zukhruf. Dua baada ya kukagua, si badala ya kukagua.

Buibui, helmeti na hina

Hapa nasema na hata wale ambao hawataendesha maisha yao yote, wanaopakiwa tu. Buibui na khanga vimeshaingia kwenye cheni na spoku za gurudumu mara nyingi mno. Nguo ikishikwa haikupi nafasi ya kusoma shahada. Inakuvuta chini pikipiki ikiwa kwenye mwendo. Tunalia na kusema ni kadari, na kadari ni kweli, lakini ncha ya buibui ilikuwa inaning'inia na hakuna aliyeikunja.

Rai yangu, na najua si wote watakaoikubali: kwenye njia za shamba kaa kwa kutanua miguu, usikae upande. Kukaa upande kwenye lami ya Mjini ni mazoea. Kwenye mawe na makorongo ya Ufipa ni hatari, kwani hushiki popote na dereva hawezi kusawazisha. Stara inapatikana. Vaa suruali pana ndani, juu yake kanzu refu yenye upana wa kutosha, kusanya ncha na uzikalie. Mtandio usiwe na pini chini ya helmeti, kwa sababu ukianguka pini inaingia kichwani. Vaa ule wa kuvutika unaokaa wenyewe. Helmeti ni sheria kwa dereva na kwa abiria. Leseni nayo ni sheria, si mapambo. Na mshikaki, watu watatu na mtoto wa nne kwenye tangi, tuuache.

Mtaniuliza kuhusu mikono. Bi harusi ana hina na piko, atashikaje grisi? Ashike. Hina haitoki kwa oili. Lakini angalieni udhu: rangi iliyobaki kwenye ngozi haina neno, kama hina isivyo na neno, ila grisi iliyoganda na kuzuia maji yasifike kwenye ngozi au chini ya kucha lazima iondoshwe, kama tunavyoondosha rangi ya kucha. Chukua sukari kijiko na mafuta ya kupikia kidogo, sugua, kisha osha kwa sabuni. Inatoka yote, na mikono inabaki laini.

Faida ambayo hakuna aliyeniambia

Mpaka hapa nimesema habari za dharura. Lakini kama pikipiki ingekuwa ya dharura peke yake, nisingeandika kwa moyo huu.

Mabinti zetu wanaoolewa mbali wanaugua ugonjwa ambao hatuutaji: upweke. Kakulia nyumba yenye shangazi wanne, adhana inatoka pande tatu, jioni Forodhani. Ghafla yuko kwenye uwanda wa nyasi, upepo unavuma mchana kutwa, Waislamu ni wachache, mume anatoka asubuhi anarudi magharibi. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nalala mchana ili siku iishe. Nilidhani nimemchukia mume wangu, kumbe nilikuwa sijatoka nje.

Baada ya asubuhi ile, jirani yangu alinifundisha mengine. Alama za njia. Korongo gani linajaa mvua ikinyesha. Nami nilipojua kuwa pikipiki haitaniacha njiani, nikaacha kuogopa. Mume naye, alhamdulillahi, aliona nimebadilika, ikawa kila Jumapili akiwepo tunatoka. Safari za mbali tulikwenda pamoja, na nasema hivyo kwa makusudi: safari ya mbali ni jambo la mahram na lina rai za wanavyuoni, muulize sheikh wako. Mimi peke yangu nilikwenda sokoni, zahanati na madrasa.

Ni nchi nzuri, wallahi. Jirani na Sumbawanga iko milima ya Mbizi na msitu wake, na ndani yake wamo mbega wekundu, ndugu wa kima punju wetu wa Jozani. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi, kama nimekutana na watu wa nyumbani. Upande wa mashariki uwanda unakatika ghafla kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, unasimama juu unaliona Bonde la Rukwa lote chini yako na ziwa linang'aa. Kule kushuka kunataka breki nzima na gia ndogo, si pa kujaribia. Upande wa kusini, kupitia Matai, yako maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja. Sauti yake inakufanya useme Subhanallah bila kukusudia.

Tulibeba chapati na migebuka ya kukaanga, chai kwenye chupa, dumu la maji ya udhu na msala. Adhuhuri ikiingia tunaswali hapo hapo penye nyasi, kwani ardhi yote tumefanyiwa msikiti. Kwetu Unguja kibla ni kaskazini moja kwa moja, Sumbawanga unaelekea kaskazini ukiegemea mashariki kidogo. Sikuwahi kupata khushui ya sala kama ile ya juu ya Mbizi na upepo unapiga.

Na msiniambie kucheza na mume nje ya nyumba ni mambo ya Kizungu. Mtume wetu s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha safarini, akashindwa, na safari nyengine akamshinda na kumkumbusha kwa utani kuwa sasa wametoka sare. Hiyo ni sunna, na sisi tumeiacha tukabaki kukaa pande mbili za kochi, kila mtu na simu yake.

Watu wa chuma

Jambo moja zaidi kuhusu Wafipa, kwa sababu wengi wetu tunawajua kwa vichekesho vya uchawi tu. Hawa ni watu wa chuma tangu zamani. Walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yanayompita mtu kimo, wakayeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Mabaki ya matanuri hayo bado yapo kwenye uwanda. Watafiti walioandika juu ya kazi hiyo wanaeleza kuwa tanuri jipya lilipambwa na kutendewa kama bi harusi. Hizo ni mila zao za kale na sisi tuna dini yetu. Lakini nimelipenda fikra moja ndani yake: chombo kinacholisha nyumba walikipa heshima ya bi harusi. Sisi tunakimwagia maji Ijumaa kwa Ijumaa na kukipiga teke kisipowaka.

Maombi yangu

Kwa masomo na mashangazi: endeleeni kufundisha mnayofundisha, yana maana yake. Lakini muulizeni binti anakwenda kukaa wapi. Akiwa anakwenda kukaa shamba, ongezeni alasiri mbili. Mkiona haya kuita fundi, mwiteni kaka yake au baba yake amfundishe uani. Baba akimfundisha binti yake kutoa plagi, hilo nalo ni pendo la harusi.

Kwa waume: usimnunulie mke simu ya laki saba ukamwacha bila spana ya elfu chache. Mwoneshe pikipiki siku ya kwanza kama unavyomwonesha jiko na kisima. Ukisafiri, iache na petroli, na umwambie ufunguo uko wapi. Hilo ni katika matunzo.

Kwa wewe mdogo wangu unayeondoka Mfunguo Mosi: nimekununulia. Spana ya plagi, plagi moja, bisibisi, praizi, kiraka na gundi ya mpira, brashi na kitambaa. Nimekifunga kifurushi kwa khanga ili mama yako asikione mpaka ufike. Kitie chini ya mablanketi. Na ukifika, kabla hujafungua sanduku jengine lolote, mtafute jirani mwenye umri wa mama yako, mpelekee karafuu na tende, mwambie, "Shikamoo mama, mimi mgeni, nifundishe."

Allah awape mabinti zetu ndoa zenye utulivu, majirani wema, na njia za salama. Amin.

Wassalaam alaykum.